Mbwa wa Tusekile na Ndege wa Kukaanga

Vijana wangu wa mifugo, mliotoka vyuoni juzi na ambao bado mnahangaika na mitihani, naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Juma lililopita jirani yangu hapa Kihesa, Iringa, alimpigia simu kijana mmoja wa fani yetu. Mbwa wake alikuwa amekwamwa na mfupa wa kuku, anakoroma, macho yamemtoka. Simu ilikuwa kwenye spika na kati yetu ni ua tu, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe. "Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe wa maziwa. Mbwa si mfugo, ni pambo la nyumba. Jumatatu nenda ofisini." Nikavaa viatu nikaenda na magoti yangu haya ya uzee. Mfupa ulitoka kwa koleo na uvumilivu, mbwa akapona. Ila yale maneno hayajanitoka mpaka leo. Mbwa si mfugo. Nani aliwafundisha hivyo?

Kaeni basi niwaeleze habari za mbwa aliyeitwa Bosi.

Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Mbarali, kule bondeni kwenye mpunga. Kijiji chenyewe kiko mbele ya Ubaruku, jina lake naliacha, maana wengine waliomo humu bado wapo na wana wajukuu. Huko daktari wa mifugo ni mtu wa ng'ombe: chanjo, josho, mimba zilizokwama. Mbwa unamwona siku ya chanjo ya kichaa, analetwa kwa kamba ya katani na mwenyewe anatazama pembeni kwa aibu, kama mtu aliyeletwa polisi.

Tusekile hakuwa na aibu hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyefuata mpunga kama wengi walivyofuata. Alipoteza masikio utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa hakuwahi kupelekwa shule ya viziwi alijitungia lugha yake ya mikono, wakaielewa wachache waliokuwa na subira. Alifanya kazi mashineni, kupepeta na kuchambua mchele. Alikaa peke yake na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, mwembamba, sikio moja limelala. Watu walimwita Bosi kwa sababu alitembea mbele ya Tusekile kana kwamba ndiye aliyemwajiri.

Ukibisha hodi kwa Tusekile, Bosi alikwenda kumgusa goti kwa pua. Pikipiki ikija nyuma yao barabarani, Bosi alimsukuma pembeni kwa ubavu. Hakufundishwa na mtu. Nimewahi kuona madereva wa malori ya mpunga wakipunguza mwendo kwa kumheshimu yule mbwa, wakati mwenye mbwa walikuwa wanamwita "bubu" mbele ya uso wake. Nawaambia hili ili mjue mgonjwa wangu alikuwa nani. Kwa Tusekile, Bosi ndiye aliyekuwa masikio.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tuko ibadani, mimi niko kwayani safu ya alto. Tukiwa katikati ya wimbo nikasikia pawatila inaingia uwanja wa kanisa. Mnazijua pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mikono ya kulimia majaruba, sauti yake inaweza kufufua maiti. Mzee mmoja wa kanisa akatoka haraka. Halafu nikasikia anagomba, "Huku ni nyumba ya Mungu, jamani. Mbwa? Toeni."

Nikashuka na joho langu. Mwenye pawatila alikuwa Ezekia, jirani wa Tusekile, kijana mkulima mwenye roho nzuri na maneno mengi. Kwenye tela lake alikaa Tusekile, amempakata Bosi, kitenge chake chote kimelowa.

"Dokta, mbwa yake hii inakufa," Ezekia akasema. "Ameumwa na nyoka. Tumempa maziwa, nusu lita, na mafuta ya kula, lakini bado."

Naomba msimame hapo kidogo. Maziwa. Miaka yote niliyofanya kazi, ningepewa ng'ombe mmoja kwa kila mnyama aliyenyweshwa maziwa kwa nguvu nikampokea na maziwa hayo yameingia mapafuni, leo ningekuwa na zizi. Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza sawasawa. Ukimmiminia kitu mdomoni unamzamisha. Na sumu nyingine hupenda mafuta, zinayeyuka humo na kuingia mwilini upesi zaidi. Waambieni watu. Waambieni kwenye mikutano ya vijiji, sokoni, misibani. Asiyejua mnyama amekula nini asimpe kitu, ampeleke tu.

Tusekile alikuwa ananivuta mkono wa joho. Ezekia naye anaendelea, "Huyu hasikii, Dokta, usimjali, nyoka wapo wengi huko mfereji wa—"

"Ezekia, zima mashine, halafu nyamaza."

Bosi alikuwa amelala ubavu. Mate yalimchuruzika mdomoni bila kukatika, machozi yakamtoka, amejiharia na kujikojolea, na nyama za mapaja zikawa zinachezacheza chini ya ngozi. Nikafunua kope. Mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Kifuani kulisikika mapovu.

Aliyenilea kazini, marehemu Dokta Luhwago, alikuwa na neno lake: "Ukiona mate, usiulize ugonjwa gani. Uliza alikuwa wapi." Alinifundisha hilo joshoni, ndama watatu wanatokwa na mate na mwenye ndama anasema ni mkono wa jirani mwenye husuda. Dokta Luhwago akaniambia nishike taya la ndama, nisitoke, nitazame mate yanavyotoka, mpaka viatu vyangu vipya vikajaa denda. Kisha akamuuliza mwenye ndama, "Asubuhi walikunywa wapi?" Walikuwa wamekunywa maji ya josho, yenye dawa ya kuua kupe. Jirani akaachwa salama na husuda yake. Tangu siku hiyo sijawahi kutembea bila atropini, dawa ya kuzima sumu za namna hiyo, kwenye sanduku la pikipiki, hata nikienda kanisani, na wanakwaya wenzangu walinicheka sana kwa hilo.

Nikatuma mtu alete sanduku. Nikamtafuta Bosi mshipa mguu wa mbele, nikampa sehemu ya dawa hapo, iliyobaki nikaipeleka chini ya ngozi. Halafu nikasubiri. Hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Mnatazama mboni, mnataka zifunguke, zisipofunguka mnaongeza dawa mpaka moyo unakimbia kuliko pawatila. Msitazame mboni. Tazameni mate, sikilizeni kifua. Fizi zikianza kukauka na mapovu yakipungua, dawa imefika. Mate yakirudi, na wewe unarudia. Ukiondoka mapema umemwua kwa mara ya pili.

Mzee wa kanisa alisimama juu yangu muda wote huo. "Dokta, kweli kwaya inakusubiri, kwa ajili ya mbwa?"

"Waambie waimbe bila mimi. Alto wapo wengine."

Mke wa mchungaji ndiye aliyetoka na beseni la maji na gunia safi, akachuchumaa, akaanza kumfuta Bosi. Namshukuru mpaka leo.

Mate yalipoanza kupungua, Bosi akatapika mwenyewe. Yakatoka maziwa, yakatoka mafuta ya Ezekia, vikatoka na vindege. Vizima, vingine na manyoya. Kwelea kwelea, hao wanaokula mpunga wetu kama mawingu.

Tusekile akanigusa bega. Akapigapiga vidole kama mabawa. Akaonyesha kuokota kitu chini na kumpa mbwa, akajipiga kifua, maana yake ni yeye aliyempa. Kisha akaelekeza mkono kule gulioni, akafanya kama mtu anayegeuza kitu kwenye kikaango. Akarudia. Alikuwa analia, lakini mikono yake haikuacha kueleza.

Nikachukua wembe nikapasua kindege kimoja shingoni, kwenye kile kifuko ambamo ndege huweka punje kabla ya kuzisaga. Ndani mlikuwa na mchele uliogeuka rangi ya zambarau. Harufu yake naijua. Ni dawa ya wadudu, ile ya punje inayofukiwa ardhini, na hakuna mkulima anayeipaka kwenye mchele kwa bahati mbaya.

Hapo nikaelewa, na naomba mnielewe na nyinyi. Huko bondeni kwelea kwelea huliwa. Wanategwa kwa nyavu, wanakaangwa, ni kitoweo kitamu na hakina ubaya. Ila nyavu ni kazi, unaamka mapema, unasubiri. Mtu mmoja alikuwa amegundua njia ya mkato: anachanganya mchele na sumu, anaumwaga pembeni ya majaruba, asubuhi anaokota ndege kwa magunia. Wale walioanguka njiani Tusekile aliwaokota akampa mbwa wake. Wengine wote walikuwa wanakaangwa gulioni, na ibada ilikuwa inakaribia kwisha, watu watoke wakanunue.

Nikamwachia Ezekia mgonjwa. "Mate yakianza tena, nipigie simu. Usimpe kitu." Nikampakia Tusekile nyuma ya pikipiki, bado nina joho.

Muuza ndege alikuwa mtu mnene mcheshi, kikaango chake kikubwa, wateja wamemzunguka. Ndege walikuwa wanakaangwa wazima, hata utumbo hajatoa. Tusekile akamwonyesha kwa kidole.

"Zima moto," nikamwambia. "Hawa ndege wana sumu."

Akacheka. "Dokta karibu. Nani kasema?"

"Mbwa amekula ndege zako, yuko kanisani anakufa. Nimempasua ndege mmoja, nimeona sumu."

Akawageukia wateja. "Jamani mnasikia? Mbwa kaharisha, kwa hiyo tusile." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Dokta wa mbwa umetuletea mahubiri?" Mwingine akamwiga Tusekile anavyopiga mikono. Sitasahau sura ya yule aliyemwiga.

Mtendaji wa kijiji akaja akijifuta mdomo. Nikamweleza kwa sauti ya taratibu, kama tunavyofundishwa kuongea na viongozi. Akasikiliza nusu.

"Dokta, leo Jumapili," akasema. "Mbwa hula mavi, hula viatu. Usinizushie taharuki gulioni kwa sababu ya mbwa wa huyu bubu. Kesho njoo ofisini, tutaliweka kwenye kikao."

Kikao. Sumu iko kwenye mafuta yanayochemka, watoto wamenyoosha mikono, na mtu mzima mwenye mhuri ananiambia kikao. Nikaokota ndege mmoja kwa kijiti, nikamnyooshea muuzaji. "Mle huyu. Mbele yetu wote. Ukimmaliza, mimi naondoka na nitakuomba radhi."

"Nimeshiba," akasema.

"Mmoja. Mdogo hivi."

"Tumbo langu Dokta, silielewi tangu juzi."

Kicheko kikapungua. Mama mmoja akamnyang'anya mtoto wake kipande mkononi, akakitupa. Mtendaji akaanza kusema jambo kuhusu utaratibu, na hapo nikahisi navutwa joho tena, mara hii kwa nguvu hasa. Tusekile alikuwa ananikokota kuelekea nyuma ya kilabu cha pombe.

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa chini, amegemea ukuta, kichwa kimelala kifuani. Kibarua wa kupalilia, mgeni, shati limelowa jasho kana kwamba amenyeshewa. Watu walikuwa wanampita.

"Huyo kalewa," sauti ikasema nyuma yangu. "Mwacheni, atazinduka."

Tusekile akapiga magoti, akaweka kidole chini ya mdomo wa yule mtu, akaniinulia kidole chake nione. Mate. Kisha akamfunua kope kwa kidole gumba, vilevile alivyoniona nikifanya kwa Bosi, akanitazama. Mboni zilikuwa punje ya ulezi.

Mimi siruhusiwi kumdunga binadamu sindano, na nyinyi pia hamruhusiwi, msije mkajaribu. Ninachoruhusiwa ni kusema ninachokijua kwa mtu anayeruhusiwa. Nikampigia Joyce, tabibu wa zahanati yetu, nikamwambia namletea mtu aliyekula sumu ya wadudu, siyo mlevi, siyo malaria, atayarishe atropini. Akauliza swali moja tu: "Una uhakika?" Nikasema, "Nimeiona kwenye koo la ndege na kwenye macho ya mbwa." Akasema, "Mlete."

Tulimbeba kwenye mlango wa kibanda tulioung'oa. Wale waliokuwa wanacheka ndio waliobeba, hilo nalikiri kwa haki. Joyce alimdunga, akakaa naye, akarudia mate yalipotaka kurudi. Wakaja wengine wawili mchana huo, mama na mwanawe, wanatapika na kutetemeka. Kwa kuwa sasa alijua ni nini, hakupoteza muda kupima malaria. Gari la wagonjwa likawachukua wote kwenda hospitali ya wilaya. Wote walirudi hai. Joyce aliniambia baadaye kwamba yule kibarua, angeletwa jioni kama mlevi, angeandikiwa maji na kulazwa pembeni azinduke. Na asingezinduka.

Nikiwa mlangoni mwa zahanati simu ikalia. Ezekia.

"Dokta, amesimama," akasema. "Amekojolea tairi la pawatila yangu."

Nikamgeukia Tusekile. Sikujua ishara yoyote ya kumwambia mbwa wake amepona, basi nikainua mguu mmoja pale pale mlangoni, na joho langu la kwaya, nikaonyesha. Alinitazama, kisha akakaa chini kwenye ngazi za zahanati na kujifunika uso kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

Na muuza ndege? Alipanda bodaboda tukiwa tumebeba mgonjwa, kikaango akakiacha motoni. Alikamatwa baadaye, akakaa kidogo, akatoka. Nimesikia ameonekana upande wa Madibira, anauza samaki. Kila nikisikia habari za samaki waliookotwa wanaelea, huwa nauliza rangi ya maji.

Baada ya muda ukaitwa mkutano wa kijiji. Mtendaji alisimama na kuwashukuru wataalamu. Alimshukuru Joyce, akanishukuru mimi, akaushukuru uongozi wa kijiji kwa kuchukua hatua za haraka. Hatua za haraka. Watu wakapiga makofi. Tusekile aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma na Bosi miguuni aliona wengine wanapiga makofi, akapiga na yeye.

Nikasimama bila kunyoosha mkono. Mtendaji akasema, "Dokta, kwa ufupi." Nikamwambia haitakuwa kwa ufupi. Nikaeleza yote, tangu pawatila mpaka ukuta wa kilabu. Nikataja aliyesema mbwa, aliyesema bubu na aliyesema mlevi. Nikasema kijiji hiki kilipewa onyo na mbwa, kikacheka. Kikapewa onyo na mwanamke asiyesikia, kikamwiga mikono. Kikamwona mtu anakufa mchana kweupe, kikamruka. Nikasema mimi na Joyce tulifika wa mwisho, tukitanguliwa na wale ambao hakuna aliyetaka kuwatazama. Walionipenda walipungua siku ile, na sikuwahi kujuta.

Nikakaa. Kisha yule kibarua, Mgaya jina lake, mtu wa Makete, akatoka upande wa wanaume. Bado alikuwa dhaifu, alitembea akishika mabega ya waliokaa. Alivuka mkutano wote mpaka nyuma, akachuchumaa mbele ya Tusekile kama mtu anavyomchuchumalia mama mkwe, akainamisha kichwa. Alikuwa na maneno ya shukrani, nikaona midomo yake ikianza, kisha akakumbuka kwamba hasikii, akayaacha. Akampa mikono miwili. Tusekile akaipokea.

Bosi hakumjua. Akambwekea kwa nguvu zake zote, katikati ya kimya cha kijiji kizima, na Tusekile hakusikia. Aliweka kiganja kwenye shingo ya mbwa wake, akahisi jinsi inavyotetemeka, akatabasamu.